Wanaposti Kisiwa, Wanaficha Nauli

Mwaka ukielekea ukingoni, stori inakuwa moja. Mastaa wamechoka. Wamechoka na foleni za Dar, wamechoka na shoo, wamechoka na maneno ya watu, sasa wanataka utulivu. Na sio Zanzibar, maana Nungwi siku hizi hata jirani yako anaenda. Wanataka kisiwa ambacho eti hakijaguswa, hakina kelele, hakina watu. Wiki mbili baadaye picha zinashuka: bahari ya bluu, mashua moja, mtu mmoja kageuza mgongo anaitazama.

Yupo dada mmoja, jina kapuni, maana kumtaja ni kumpa kiki ya bure. Kazaliwa Mbeya, kakulia Soweto, kasomea huko huko, na mpaka leo akitaka kupendwa anaweka kapsheni ya Kinyakyusa. Msimu uliopita alitupia picha kama kumi na mbili kutoka Kisiwa cha Mafia, akawaambia mabinti wa nyumbani kwao waache uoga, hela ya kawaida tu inatosha, mtu ni kujipanga. Laiki zikamwagika. Kina dada wa Mbeya wakaanza kutaniana kwamba wanatoka Mafiati kwenda Mafia.

Utani mzuri. Tatizo lilikuja kwenye "kujipanga".

Mwanjelwa kuna mabinti watano, wanauza mitumba, wana mchezo wao wa kila wiki. Waliichukua ile posti kama ratiba. Walipiga hesabu kwa kutazama picha: loji inaonekana ya kawaida, chakula ni samaki na samaki baharini wapo, basi safari haiwezi kuwa ghali. Mmoja alikuwa nyuma kwenye mchezo akaenda kukopa kausha damu ili asiachwe. Kilichokuja kujulikana baadaye ni kwamba yule dada hakulipia chochote. Loji ilimpa chumba bure ili aipige picha, ndege ililipwa na kampuni inayouza mafuta ya ngozi, na ile chupa iliyoonekana pembeni ya kitanda haikusahaulika pale kwa bahati mbaya. Lilikuwa tangazo mwanzo mwisho, na hakuna mahali alipoandika kwamba ni tangazo.

Hapo ndipo kesi ilipo. Kwenda kisiwani si kosa. Kulala bure si kosa, ni kazi yake na anaijua. Kosa ni kumwambia binti anayekusanya elfu tano tano kwamba "inawezekana kwa hela ya kawaida" wakati wewe mwenyewe hujui nauli ya boti ni shilingi ngapi.

Na nauli ndiyo safari yenyewe, hasa kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini. Kwa mtu wa Dar, Mafia ni ndege ndogo ya nusu saa hivi. Kwa mtu wa Mbeya, Dar peke yake ni zaidi ya kilomita 800. Basi linatoka alfajiri, linapita Makambako, linapita Mafinga, linagusa Ipogolo pale Iringa, linashuka Kitonga taratibu abiria wote wakiwa kimya, linakatiza Mikumi, na likifika Stendi ya Magufuli kule Mbezi ni giza au karibu na giza. Mtu wa Iringa anaokoa kama kilomita 300 na zaidi, lakini naye siku yake imekwisha. Wapo wanaopanda TAZARA kutoka Iyunga, na kwa mwenye muda ile treni ni raha, ila mwenye likizo ya siku saba asiigusie, ikichelewa imechelewa.

Kisha lazima kulala Dar. Gesti ya Dar haimo kwenye picha kumi na mbili. Kesho yake ni kwenda Mbagala, kupanda gari la kuelekea Nyamisati wilayani Kibiti, maana kivuko cha Mafia hakiondoki pale Posta karibu na boti za Zanzibar kama wengi wanavyodhani. Ukifika Nyamisati ndiyo unasubiri chombo, na pale si kila saa kuna safari. Ukikosa leo, unatafuta pa kulala Nyamisati. Ukipata, saa kadhaa majini mpaka Kilindoni, na kwa wale ambao maji makubwa waliyowahi kuyaona ni Ziwa Nyasa pale Matema kwa mbali, ni vizuri wajue kwamba tumbo halijali una wafuasi wangapi. Kutoka Kilindoni bado kuna bajaji au boda ya kwenda Utende, kilomita kumi na kitu, na kabla ya kuingia Utende kuna geti la Hifadhi ya Bahari ambako mtu analipa kiingilio. Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, lakini analipa.

Kwa kifupi, ukitoka Mbeya kwa njia ya chini, siku mbili zinaliwa kwenda na mbili zinaliwa kurudi. Mwenye siku saba za ruhusa anabakiwa na tatu kisiwani, na moja kati ya hizo tatu atakuwa anakausha viatu. Bado ni safari nzuri! Ila ni ya siku kumi, na inataka mtu abaki na akiba ya kukwama. Hayo yangeandikwa kwenye mistari minne chini ya picha. Dada alipoulizwa na wafuasi wake boti inapandiwa wapi, alijibu kwa vikopa vitatu vyekundu.

Halafu kuna suala la msimu, ambalo mastaa hawaligusi kabisa, kwa sababu wao hupelekwa wakati mzuri na watu wanaojua wakati mzuri ni upi. Vijana fulani wa Iringa, waliomaliza chuo pamoja pale Mkwawa, waliamua kusherehekea bethidei ya mwenzao Mafia mwezi wa nne. Mwezi wa nne Pwani ni masika. Loji nyingi za Mafia hufunga kwenye kipindi hicho, kati ya Aprili na Mei, na bahari haina ile bluu ya kwenye simu. Walikaa Kilindoni siku tatu wanacheza karata chini ya bati linalopigwa na mvua. Mvua hata Kihesa ipo. Wakarudi wakisema kisiwa ni kibovu.

Kisiwa hakina ubovu wowote. Papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani ambaye kila mtu anataka kuogelea naye, husogea karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari hivi. Juni na Julai, wakati watu wa Uyole na Mafinga wanatetemeka kwa baridi na kuota jua, Mafia kusi linavuma na bahari inachafuka. Anayekwenda kwa ajili ya papa potwe miezi hiyo atarudi na hadithi ya upepo. Lakini kati ya Juni na Septemba kisiwa cha Juani, pale jirani, mayai ya kasa huanguliwa na vitoto hutambaa kwenda majini. Anayejua anachagua. Asiyejua anapigwa, halafu anamtukana mwenyeji.

Hilo la kumtukana mwenyeji lina bingwa wake. Ni msanii mmoja, kijana wa Iringa huyu, ngoma zake mbili zimechezwa sana mwaka huu na nyingine inakuja. Alikwenda Chole, kile kisiwa kidogo cha kuvuka kwa mashua kutoka Utende, akiwa na spika, droni na watu sita. Siku ya pili akaenda hewani kulalamika. Hakuna klabu. Hakuna chipsi kuku usiku. Intaneti inakatika. Magari hakuna. Akamalizia kwa kusema, huku wenzake wakicheka, kwamba watu wa kule bado wako nyuma sana, hawajaendelea.

Sasa mtu anafunga safari ya siku mbili kutafuta mahali pasipo na kelele, anapapata, halafu anapadai kelele. Hii akili ya wapi? Kukosekana kwa magari Chole ndicho alichokiita "utulivu" kwenye kapsheni ya jana yake. Leo kimekuwa "ushamba". Kisiwa hakikubadilika usiku ule. Kilichobadilika ni kwamba bando liliisha.

Na hii ya "kisiwa ambacho hakijaguswa" nayo iachwe. Chole imeguswa zamani kuliko Mbeya mjini. Wajerumani walipokichukua kisiwa cha Mafia mwaka 1890 walikuta Chole ni mji na wakakaa hapo hapo. Magofu ya majengo yao bado yapo, mizizi imeyakumbatia, na ndiyo ukuta ule ule ambao yule msanii aliegemea kupiga picha bila kujua ni nini. Juani kuna magofu ya Kua, mji mzima wa misikiti na nyumba za mawe, mkubwa kuliko wanavyotegemea wengi wanaopelekwa pale. Januari 1915 Waingereza waliteka Mafia na kuitumia kurusha ndege kwenda kuitafuta meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Watu wamekuwa wakifika pale na kuondoka kwa karne kadhaa. Kitu pekee ambacho hakijafika ni adabu ya wanaokuja sasa hivi.

Wapemba nao wana hadithi zao. Kuna kapo moja maarufu, ndoa yao ilirushwa mubashara, waliamua mapumziko ya pili yafanyike Pemba kwa sababu Unguja ina watu wengi. Sawa kabisa, Pemba ni kisiwa cha kijani, milima milima, mikarafuu, msitu wa Ngezi kule kaskazini na Misali kwa wapenda kuzamia. Ila walikwenda katikati ya Ramadhani, wakashangaa mbona mchana migahawa imefungwa, na bibie akapita sokoni Chake Chake na nguo ya ufukweni. Mama mmoja mtu mzima akamvua kanga yake na kumfunika begani bila kusema neno. Bibie akaiweka kwenye stori kama kichekesho. Kwa Mpemba haikuwa kichekesho, ilikuwa stara, na pengine ile ndiyo kanga aliyotoka nayo nyumbani siku hiyo.

Mtu wa Mbeya na Iringa ndiye anayepaswa kukasirika zaidi kuliko wote, na ajabu ni kwamba ndiye anayecheka. Nyanda za Juu zinajua vizuri kufanywa mandhari ya picha za watu. Kila mwaka maua yakichanua Kitulo, wanapanda watu kutoka Dar na makoti ya kukodi, wanapiga picha kwenye Bustani ya Mungu, wanashuka Ziwa Ngosi wakilalamika njia ina matope, wanapita Matema wakisema pazuri ila pamelala. Mabinti wa Iringa ndio kabisa. Nchi hii kwa miaka na miaka imetengeneza vichekesho vya hausigeli kutoka Iringa, mshamba, haelewi jiko la gesi, anaogopa lifti. Yule msanii mwenyewe ana wimbo wa zamani, kabla hajavuma, aliolalamikia utani huo. Leo kasimama juu ya ukuta wa Chole anamfanyia Mmafia kile kile alichofanyiwa dada yake kwenye daladala za Kariakoo. Kapanda cheo, sasa anataka naye awe na mshamba wake.

Halafu akaingia majini. Klipu bado ipo: anamshika papa potwe mgongoni kama anapanda boda. Papa potwe hashikwi. Kila nahodha wa Kilindoni humwambia mgeni hivyo kabla hajavaa miwani: kaa mbali, usimguse, usimkatize mbele. Yule samaki hana ubaya na mtu, anakula vijidudu na dagaa wadogo wanaoelea majini, na wengi wanaoonekana Mafia ni madume machanga yanayokuja kula. Akisumbuliwa anazama na kwenda zake. Nahodha anayeishi kwa kupeleka wageni anabaki na mashua yake. Msanii kashapata watazamaji wake, hapoteza kitu.

Mashabiki watasema ni wivu. Watasema kila mtu na maisha yake, mbona hamkuwasema Wazungu. Sawa, ila mwenye maisha yake hajatangaza bidhaa. Ukishawaambia watu laki kadhaa "njooni huku, ni rahisi", umeshakuwa dalali, na dalali hata wa vyumba pale Kabwe anaulizwa choo kiko ndani au nje. Kwa nini dalali wa kisiwa asiulizwe?

Ipo hoja nyingine, na hii ina uzito kidogo. Wapo wanaosema kheri waendelee kuficha, kwa sababu nauli na njia vikijulikana kila mtu atakwenda na utulivu utakufa. Wanatoa mfano wa Nungwi, ambayo kabla ya hoteli ilikuwa kijiji cha wavuvi na mafundi wa majahazi, na leo muziki unalia mpaka alfajiri. Ni kweli Nungwi imebadilika. Lakini haikubadilishwa na binti wa Mwanjelwa mwenye begi moja na siku kumi za ruhusa. Huyo anakula kwa mama lishe, analala gesti ya mwenyeji, anapanda boda ya mwenyeji, anaondoka. Anayebadilisha mahali ni yule anayekuja na spika, anatangaza kwamba panapendeza lakini panahitaji klabu, na nyuma yake kuna mtu anayetafuta kiwanja cha ufukweni. Kuficha nauli hakumzuii huyo wa pili hata siku moja. Kunamzuia wa kwanza tu.

Tena kwa mtu wa Mbeya, kisiwa tulivu hakilazimiki kuwa cha bahari. Hakuna staa atakayesema hili kwa sababu hakuna kampuni inayolipia. Ziwa Nyasa lina visiwa. Likoma iko upande wa Malawi, kisiwa kidogo chenye kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Petro ambalo ujenzi wake ulianza 1903, kubwa mpaka mtu anajiuliza waumini wote hao walikuwa wanatoka wapi. Mtu anavuka mpaka Kasumulu na pasipoti yake, anapita Karonga na Mzuzu mpaka Nkhata Bay, anasubiri meli. Si safari ya haraka na meli ina hiari yake. Na asiyetaka kuvuka mpaka, kuna meli kutoka kule Kyela inayoshuka na pwani ya ziwa kuelekea Mbamba Bay, na karibu na huko kuna kisiwa cha Lundo. Hakuna chumvi, hakuna papa potwe, lakini kuna ule ukimya ambao watu wanaulipia ndege.

Turudi kwa wale mabinti watano. Hawakwenda mwaka ule. Aliyekopa kausha damu alilipa kwa miezi minne, riba imemla mpaka akauza cherehani. Wanne waliobaki walimpa zamu yake ya mchezo mapema ili apumue. Sasa wamepanga upya, na safari hii hawakumuuliza staa. Walimpigia kijana mmoja kutoka Kilindoni aliyekuwa akinunua viazi Uyole na kuvisafirisha Pwani, wakamuuliza mambo ya kijinga kabisa: boti inaondoka siku gani, nani anauza tiketi, usiku ukiingia Nyamisati mtu analala wapi, wakala wa simu wako wapi, nguo gani zinafaa, wanawake watano bila mwanaume wataonekanaje. Akawajibu yote kwa meseji za sauti, moja baada ya nyingine, akawaambia wabebe kanga mbili mbili, wakiwakuta wazee wawape shikamoo zao, na waende Novemba. Hakuweka kikopa hata kimoja.

Yule dada wa Soweto naye kasharudi hewani wiki hii. Safari hii ni kisiwa kingine, hakijatajwa jina, kapsheni inasema wenye akili watakijua. Pembeni ya kitanda kuna chupa ya mafuta.